Fomu moja, vivinjari vitatu, kasoro tatu: nianzie wapi kurekebisha?

MjenziKurasa:
Habari za kazi, ndugu zangu. Nimejenga tovuti ya chama kimoja cha akiba na mikopo, na sehemu yake muhimu kuliko zote ni fomu ya kuomba mkopo, ambayo mwanachama huijaza kwa simu akiwa shambani au dukani kwake. Kwenye kompyuta yangu, ndani ya kivinjari cha Chrome, kila kitu kilikaa mahali pake, nami nikaikabidhi kazi bila wasiwasi. Wiki haikuisha malalamiko yakaanza. Mweka hazina anatumia iPhone, na kitufe cha "Tuma Ombi" kimejificha nyuma ya upau wa Safari, kivinjari cha iPhone. Katibu ana simu ya Android ya siku nyingi, na kwake visanduku vya fomu vimegandana bila nafasi yoyote kati yao. Wanaotumia Opera Mini wanakiona kitufe vizuri, wanakibonyeza, na hakuna linalotokea.

Nimeanza kuandika msimbo unaosoma jina la kivinjari na kukipa kila kimoja mpangilio wake, lakini kila ninapoziba tundu moja linafunguka jingine. Je, nanyi mnafanya hivyo? Inaniuma, kwa sababu wanaokwama ni wale wale ambao tovuti hii ilikusudiwa kuwapunguzia nauli ya kwenda ofisini.

Mshona Msimbo:
Ndugu, hizo ni kasoro tatu zenye asili tofauti, na hakuna hata moja inayohitaji jina la kivinjari.

Ya iPhone bila shaka inatokana na kipimo cha 100vh, yaani kimo chote cha dirisha la kivinjari. Safari ya simu hukihesabu kimo hicho kana kwamba upau wake umekwisha kujikunja, kwa hiyo upau ukiwa wazi, sehemu ya chini ya ukurasa hufunikwa. Kipimo cha dvh, kinachofuata kimo halisi cha wakati huo, kiliingia Safari 15.4 na Chrome 108, yote mwaka 2022. Andika height: 100vh, kisha chini yake height: 100dvh, kivinjari kisichokijua kipimo kipya hukiruka kimya kimya na kubaki na mstari wa kwanza.

Ya katibu ni sifa ya gap (nafasi kati ya visanduku) ndani ya flexbox, mpangilio wa CSS wa kupanga vitu kwa mstari, ambayo Chrome iliipata katika toleo la 84 mwaka 2020, na Safari katika toleo la 14.1 mwaka 2021. Hapa kuna mtego ulionigharimu siku mbili nzima: ukiuliza kwa @supports, amri ya CSS ya kukagua uwezo wa kivinjari, kama gap inafahamika, kivinjari cha kati ya Chrome 66 na 83 kitajibu ndiyo, kwa sababu kinaifahamu ndani ya grid, mpangilio wa safu na mistari, ingawa ndani ya flexbox hakiifahamu. Tumia margin-top (nafasi ya juu) kwa kila kisanduku isipokuwa cha kwanza.

Ya Opera Mini ndiyo nzito. Katika hali yake ya kubana data kwa kiwango cha juu, ukurasa hufunguliwa kwanza kwenye seva za Opera, hubanwa, kisha simu hupokea matokeo tu. JavaScript, msimbo unaoupa ukurasa vitendo, huendeshwa huko kwenye seva kwa muda mfupi sana, si mkononi mwa mtumiaji. Naamini kitufe chako ni div yenye onclick, yaani kisanduku cha kawaida kinachotegemea JavaScript kikibonyezwa. Kifanye button ya type="submit" ndani ya form yenye action na method="post", ambayo kivinjari huituma chenyewe bila JavaScript, na ukaguzi wa majibu ufanyike kwenye seva yako. JavaScript ije baadaye kama nyongeza, si kama nguzo.

Nahodha_Seva:
Kuhusu majina ya vivinjari: Chrome hujitambulisha kwa maneno yenye "Mozilla" na "Safari" ndani yake, urithi wa enzi ambapo tovuti ziliwafungia mlango wageni wasiotambuliwa. Mara nyingi Chrome ya iPhone nayo huendeshwa na WebKit, injini ya Safari. Hata hivyo, soma kumbukumbu za seva yako uone wanachama wanatumia nini hasa. Usihangaikie kivinjari ambacho hakuna anayekitumia.

Binti Kodi:
Naheshimu ushauri huo, lakini kumbukumbu za seva haziwezi kumwonesha mtu aliyekata tamaa baada ya jaribio la kwanza na kuacha kurudi. Jirani yangu muuza mboga ana simu ya vitufe yenye mfumo wa KaiOS 2.5, ambayo kivinjari chake kimejengwa juu ya Gecko 48, injini ya Firefox, ya mwaka 2016, ilhali grid iliingia Firefox 52 mwaka uliofuata. Skrini yake ina upana wa nukta 240 tu. Nilipomwomba afungue ukurasa wangu, safu mbili za fomu nilizozipanga kwa grid zilijipanga zenyewe kuwa moja, na aliijaza yote. Sikuwa nimefanya ufundi wowote: HTML ilikuwa imeandikwa kwa mfuatano sahihi.

MjenziKurasa:
Nawashukuru sana. Ilikuwa div yenye onclick, kama ulivyosema. Nimeibadilisha, na leo asubuhi maombi mawili yameingia kutoka Opera Mini. Kwa mweka hazina nimeondoa kimo chote, fomu ishuke kwa urefu wake yenyewe. Imebaki kuazima simu ya KaiOS.