Mawe ya Mwanza yanakua au ardhi ndo inashuka?

mtoto_wa_mlimani:
Habari wakuu. Kwetu ni Mabatini, juu kabisa, nyumba imebanana na mawe. Nyuma ya jiko kuna jiwe, bibi anasema alipohamia lilikuwa linamfika gotini, alikuwa analikalia akichambua mchicha, saa hizi linamfika kiunoni na yeye anaamini kabisa mawe yanakua. Nabisha ila sina jibu la kumpa. Na yale yaliyobebana kama Jiwe la Bismarck pale Ziwa Victoria, nani aliyapanga?

mgonga_kokoto:
Jiwe halikui mkuu, hii ni kazi yangu. Sisi tunalichoma moto mpaka linaachia maganda kama kitunguu ndo tunagonga, lakini hata ambalo hatujaligusa utalikuta limebanduka lenyewe. Siku ukichimba shimo la choo angalia vizuri, chini unakuta mawe ya duara yamezungukwa na jiwe bovu, ukilishika linapukutika mkononi kama sukari guru.

mwl_jiografia:
Hapo kwenye jiwe bovu ndo penye jibu. Hiyo ni graniti, ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, iliganda chini sana ardhini na ina nyufa. Maji yanapita kwenye nyufa, madini ya felidispa yanaoza yanakuwa mfinyanzi, kwatzi haiozi inabaki mchanga, na pembe zinaliwa haraka kuliko katikati kwa sababu maji yanazishambulia pande zote, ndo maana jiwe linabaki duara. Baadaye mvua inabeba ule udongo na mawe yanabaki yamekaliana palepale yalipokuwa. Hakuna aliyeyapanga, yamefunuliwa tu. Kwa hiyo bibi ameona sawa kabisa, jiwe limeongezeka kimo, ila kilichosogea ni uwanja wenu.

mkulima_kwimba:
Na huo udongo unaoshuka sisi ndo tunaula huku Kwimba. Karibu na mawe ni luseni, mchanga mwepesi, tunapanda mihogo na karanga, ukishuka mpaka bondeni unakuta udongo mweusi wa mfinyanzi tunaouita mbuga, kiangazi inapasuka nyufa mguu unazama, masika inanata balaa, huko ndo majaruba ya mpunga. Mlima mmoja huohuo.

mwl_jiografia:
Mkulima umenifurahisha sana, mpangilio huo ndo mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne aliuandikia mwaka 1935 kutokana na kazi yake hukuhuku Afrika Mashariki, akauita katena, yaani mnyororo wa udongo kutoka mlimani hadi bondeni. Wasukuma walikuwa na majina ya kila udongo kabla yake. Mtoto wa mlimani, sentimita moja ya udongo inachukua mamia ya miaka kutengenezeka, na maji ya bati yanaiondoa kwa masika machache. Msingi wa nyumba ukoje?

mtoto_wa_mlimani:
Nimetoka kuangalia sasa hivi na tochi. Upande wa jiko msingi uko wazi, mkono unapita chini yake, na mizizi ya mwembe iko juu yote. Kesho naweka gata maji yaende kwenye pipa, majani ya mabingobingo nitaomba kwa jirani nipande chini ya jiwe. Bibi nimemsomea yote, kaniuliza udongo wake uko Kwimba au ziwani.

mgonga_kokoto:
Mwambie uko ziwani, mvua ikikata aangalie maji ya Mto Mirongo unaoingia ziwani yalivyo mekundu.