Preseti za zamani baada ya kusasisha fimuwea: nizikarabati au nianze upya?

NyuziSita: Wakuu habari. Helix yangu (kile kifaa cha miguuni kinachoiga ampu na efekti za gitaa) nimeiacha kwenye fimuwea, yaani programu yake ya ndani, 2.9 miaka kadhaa, uoga tu. Juzi nimejikaza nikapandisha hadi 3.80. Nikapiga preseti (sauti niliyoihifadhi) yangu ya solo nikitegemea maajabu: sauti ni ileile. Nikatoa kabu (sanduku la spika la kuigiza) ya 4x12, yaani spika nne za inchi 12, nikaweka 4x12 kutoka kwenye orodha mpya. Ikawa kama mtu kalifunika gitaa blanketi! Nina preseti 60 na ushee. Nizirekebishe mojamoja au nifute zote?

FundiNyuzi: Usifute chochote. Kwanza weka nakala ya kifaa kizima kwenye kompyuta. Mimi niliwahi kuhifadhi jaribio la usiku juu ya sauti niliyoihangaikia wiki mbili, na mpaka leo sijaipata tena.

Preseti ni namba tu zilizoandikwa. Ukisasisha, namba zinabaki zilivyo. Fimuwea 3.50 ya mwaka 2022 ilileta kabu mpya, lakini za zamani hazikutupwa, ziliwekwa pembeni kwa jina la Legacy, na preseti zako bado zinatumia hizohizo. Ndiyo maana hukusikia tofauti.

Blanketi sasa. High Cut, ile ya kukata sauti za juu, umeweka ngapi?

NyuziSita: 5.2 kHz 🙈

FundiNyuzi: Nilijua. Kwenye kabu za zamani maiki ya kuigiza iliyo mbele ya spika ilisogea karibu na mbali tu, basi. Distoshen ikianza kulia kama nyuki, dawa ilikuwa kukata sauti za juu. Kwenye mpya unaweza kuitoa maiki katikati ya koni ya spika ukaipeleka ukingoni, nyuki wakapungua wenyewe. Wewe umebeba dawa ya ugonjwa wa zamani ukaimimina juu ya mgonjwa mwingine. Zima High Cut, sogeza maiki kidogokidogo huku unapiga kodi nzito (nyuzi kadhaa kwa pamoja), na ukate baadaye kama bado kuna haja.

NyuziSita: Aisee. Imefunguka, hata nyuzi za chini nazisikia kila moja ndani ya kodi. Ila pia imepanda sauti, sijui ni nzuri au ni kubwa tu.

SikioMoja: Hapo ndipo wengi tunaingia mkenge, sikio hupenda chenye kelele zaidi. Weka kabu zote mbili kwenye preseti moja, snapshoti (mpangilio wa kuwasha na kuzima ndani ya preseti) ya kwanza iwashe ya zamani, ya pili iwashe mpya. Sawazisha Level (ukubwa wa sauti) kwanza, ndipo uhukumu. Mimi nilipofanya hivyo, sauti yangu safi niliirudisha kwenye Legacy bila aibu.

FundiNyuzi: Na hizo 60, unazokanyaga kweli ukiwa jukwaani ni ngapi? Mimi setilisti (orodha ya preseti) ilijaa zote 128. Nilipohesabu ninazotumia, zilikuwa nne. Nikazijenga upya hizo nne, nyingine zimelala.

NyuziSita: Nimehesabu. Tatu. Na ya tatu ni ile tupu ninayotyunia gitaa.