Mjadala: Idara zetu za afya ziombe ithibati kwa hiari yao?

Mdau wa Mwanjelwa
Wadau, habari za jioni. Kuna jambo linanikera siku nyingi. Kule Marekani ipo bodi inaitwa PHAB, inazipima idara za afya ya umma na kuzipa ithibati, yaani uthibitisho kwamba zimefikia viwango. Iliundwa 2007, ikaanza kupokea maombi 2011, na mwanzoni mwa 2013 idara 11 za afya ya umma zikapata ithibati ya kwanza. Halazimishwi mtu. Idara inaomba yenyewe, inalipa ada, inapeleka ushahidi: tathmini ya hali ya afya ya watu wake, mpango wa kuiboresha, mpango mkakati. Wanaokuja kukagua ni watu wa kazi hiyo hiyo. Ikifaulu ni miaka 5, kisha inaomba upya.
Sisi tunapima zahanati na vituo kwa nyota tangu 2015, sawa. Lakini nani anaipima idara ya afya ya halmashauri, ile yenye jukumu la vyoo, lishe na milipuko ya magonjwa? Kwa nini Mbeya Jiji, Iringa Manispaa au Njombe wasijitokeze wawe wa kwanza?

Kijana wa Uyole
Kaka, umeanza vizuri ukaishia pabaya. Hiari ni ya mwenye nacho. Mganga mkuu wa wilaya anadaiwa ripoti za wizara, za TAMISEMI na za wafadhili, halafu wewe unataka ajipeleke mwenyewe kwenye mtihani mwingine, tena wa kulipia! Huko huko Marekani zilizokimbilia ni idara kubwa. Zile ndogo za vijijini zimebaki nyuma, watu hazina na hela ya ada hazina. Hapa Jiji litatundika cheti ukutani, Chunya na Makete watabaki kutazama.

Bwana Afya Mstaafu
Wanangu, nimekagua vyoo vya wilaya hizi tangu nikiwa kijana, naomba nisikilizwe. Nyota nilizipokea kwa moyo mmoja. Raundi ya kwanza kama theluthi moja ya vituo nchini viliambulia sifuri, na aibu ile ilisaidia, raundi iliyofuata sifuri zikapungua. Lakini na hili nililiona kwa macho yangu: kituo kimoja, sikitaji, asubuhi ya wakaguzi waliazima mizani na kabati la dawa kwa majirani, jioni pikipiki ikavirudisha.
Anayejipeleka mwenyewe haazimi mizani. Mnaikumbuka 5S, ule utaratibu wa hatua tano wa kupanga na kusafisha mahali pa kazi? Kwa nchi hii ilianzia hospitali ya rufaa hapa Mbeya, 2007, kwa msaada wa Wajapani. Sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Haikuhitaji jengo jipya. Ilihitaji watu wanaoona haya faili la mgonjwa likipotea.

Mwana Tukuyu
Mzee umenena. Mimi nashangaa mleta mada kuzitaja Iringa na Njombe. Mikoa inalisha nchi nzima, halafu ndiyo inaongoza kwa watoto waliodumaa, Njombe ya kwanza. Wapunguze ulanzi, hiyo pombe yao ya mianzi, kwanza, ithibati itafuata.

Mnyalukolo wa Ipogolo
Kamwene. Mwana Tukuyu, nakujibu hapa hapa mbele za watu. Kwanza takwimu huna. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 unaiweka Iringa ya kwanza kwa udumavu, karibu asilimia 57, Njombe 50 na kidogo, Rukwa nyuma yake hatua moja. Naitaja ya kwetu kwa mdomo wangu kwa sababu inaniuma. Pili, ulanzi una msimu. Mvua zikikatika mianzi haitoi kitu, lakini mtoto anadumaa masika na kiangazi. Tatu, mama yangu alitusomesha sisi wanne kwa kugema na kuuza ulanzi. Chunga mdomo.

Mwana Tukuyu
Mama yako sijamgusa ndugu yangu. Nimekaa Mafinga miaka miwili kwenye biashara ya mbao. Nimeona mtoto hajafunga hata mwaka anapewa ulanzi mtamu ili alale, mama amalize kazi. Hilo nalo ni uongo?

Mnyalukolo wa Ipogolo
Umemwona mmoja ukauhukumu mkoa. Nikija kwenu nikamkuta mtoto anashindia ndizi tupu asubuhi hadi jioni, niandike kwamba Wanyakyusa hawajui kulea?

Dada wa Mufindi
Jamani, mnagombana juu ya kikombe na mtoto mmemwacha. Mimi nalea huku huku. Mama anaingia shamba la chai alfajiri, anarudi saa 10 jioni. Mdogo anabaki na dada yake wa miaka 8 na sufuria ya uji wa sembe, umepoa, maji tupu. Mayai na maziwa yameshauzwa ili ipatikane ada ya kaka yao. Kliniki tunaambiwa siku 1,000 za kwanza ndizo zenye thamani, tangu mimba hadi miaka miwili, na ni kweli. Siku hizo zote mama yuko kibaruani. Mwenye mkakati wa hilo aulete, mkakati wa ulanzi hautamfikia huyo mtoto.

Kijana wa Uyole
Dada umenipa silaha. Lishe ilishawekewa mkataba 2017, wakuu wa mikoa wakasaini, halmashauri zitenge shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5. Hiyo ilikuwa amri, hiari haikuwepo. Ukija utafiti wa 2022, nchi nzima imeshuka hadi asilimia 30, Iringa imepanda. Amri imeshindwa, mnataka hiari iweze?

Mdau wa Mwanjelwa
Hapo hapo ndipo ninapoomba unielewe. Mkataba ule unamuuliza mkurugenzi: umetenga? umetumia? Anajibu ndiyo, na anasema kweli, pesa imeenda semina na mafuta ya gari. Ithibati inamuuliza mganga mkuu maswali mengine: watoto waliodumaa wako vijiji gani? Kwa nini huko, na si kijiji cha jirani? Mwaka jana ulijaribu nini, kikashindikana wapi? Huwezi kujibu hayo bila kumjua huyo mama wa shamba la chai. Cheti sikitaki. Nataka majibu hayo yasomwe kwenye mkutano wa kijiji, kwa sauti, kama yanavyosomwa mapato na matumizi.

Bwana Afya Mstaafu
Kwenye mkutano wa kijiji niko na wewe mwanangu. Wakaguzi kutoka mbali unaweza kuwadanganya siku moja. Mama mwenye mtoto mgongoni anajua kama bwana afya alipita kwake ama hakupita.

Kijana wa Uyole
Basi semeni hivyo tangu mwanzo. Hayo siyo ya PHAB tena.

Mdau wa Mwanjelwa
Ni ya kwetu, sawa. Nimeanzia huko kwa sababu huko nimeona mtu anaomba kupimwa kabla hajaamriwa.

Mnyalukolo wa Ipogolo
Yasomwe. Na kwenu Rungwe yasomwe pia, tusikie.

Mwana Tukuyu
Yasomwe. Na lile neno la ulanzi, kama limemgusa mama, naomba radhi. Ya mtoto wa Mafinga siyafuti, niliyaona.

Mama Pacha
Nimesoma yote tangu juu. Nina pacha wa miezi 19. Kliniki sijakosa hata mwezi mmoja, kadi zao zimejaa. Kila nikienda wanapimwa kilo. Urefu hawajapimwa hata siku moja, ubao wake haupo kituoni kwetu, na kudumaa nasikia ni urefu. Mmoja naona kwa macho mwenzake anamwacha. Sasa hayo mtakayotusomea kwenye mkutano wa kijiji mtayatoa wapi?

Kijana wa Uyole
Pole dada. Huo ubao ulimuuliza nani, muuguzi au mtendaji?

Mama Pacha
Wote wawili.