Nimebadili mistari 3, ombi linaonyesha 812. Tatizo ni nini?

Uyole_Kodi (Mbeya)
Habari wakuu. Nimetuma ombi la kuunganisha mabadiliko kwenye mradi wa programu huria ulioko GitHub. Nimerekebisha kosa la kusoma tarehe, mistari 3 tu, na humo humo nikasahihisha tahajia kwenye maelekezo ya kusakinisha. Sasa ukurasa unaonyesha faili la kodi (msimbo wa programu) limefutwa mistari 812 na kuongezwa 812. Kipimo cha DCO (tamko la haki ya kutoa kodi) nacho ni chekundu. Halafu repo (hazina ya mafaili ya mradi) ni kubwa: mtandao ukikatika katikati ya `git clone`, amri ya kushusha nakala yake, inaanza upya kutoka sifuri na bando linaisha. Natumia Windows. Nifunge ombi nianze moja?

Kihesa_Terminal (Iringa)
Kamwene. Usifunge. Ukisukuma tena kwenye tawi lile lile, ombi linajisasisha lenyewe na maoni yote yanabaki.

Hiyo 812 ni miisho ya mistari. Mradi unahifadhi LF (alama moja isiyoonekana mwishoni mwa mstari), kihariri chako kimeandika CRLF ya Windows (alama mbili), kwa hiyo kwa Git kila mstari ni mpya. Hakikisha kwanza:

`git diff --ignore-cr-at-eol --stat HEAD~1`

Ikirudi kwenye idadi uliyobadili kweli, ndiyo hiyo. (Ikibaki kubwa, basi kihariri kimepanga faili zima upya kila unapohifadhi, zima mpangilio huo kwa mradi huu.) Tiba:

`git config core.autocrlf true`
`git add --renormalize njia/ya/faili`
`git commit --amend -s --no-edit`
`git push --force-with-lease origin jina-la-tawi`

Taja faili lako tu. Ukiweka nukta pale, unaweza kuzoa mafaili mengine ambayo mradi wenyewe uliyaacha na CRLF, na ombi litavimba zaidi.

Ile `-s` ndiyo inayomaliza DCO: inaongeza mstari wa Signed-off-by, tamko kwamba una haki ya kutoa kodi hiyo. Utaratibu huu ulianzia kwenye Linux mwaka 2004. Barua pepe ya mstari huo lazima ifanane na ya mwandishi wa komiti (badiliko lililohifadhiwa kwenye Git), na hapo ndipo wengi hukwama: `user.email` ni nyingine, komiti ina nyingine. Weka sahihi, kisha `git commit --amend --reset-author -s --no-edit`. Kama komiti ni nyingi, `git rebase --signoff upstream/main` (`upstream` ni jina la repo asili ya mradi, `main` ni tawi lake kuu).

Makambako_Njiapanda
Kuhusu bando. `git clone` haiendelei ilipoishia, hivyo usiiombe historia yote kwa mkupuo. Anza na `git clone --depth 1`, kisha vuta kidogo kidogo kwa `git fetch --deepen=200`. Kila awamu iliyokamilika inabaki kwenye diski hata laini ikikata. Usiishie kwenye 1, maana Git ikikosa mahali matawi mawili yalipoachana, `rebase` (kupanga komiti zako juu ya tawi kuu) itakuletea migongano kwenye mafaili ambayo hujayagusa kabisa.

Mtandao ukiwa umetulia, `--filter=blob:none` ni nzuri zaidi: unapata komiti zote, yaliyomo kwenye mafaili ya zamani yanashushwa pale yanapohitajika. Ila ukifanya `git blame` (kuona nani aliandika kila mstari) itarudi mtandaoni, usishangae.

Tukuyu_Hati
Tahajia iondoe kwenye ombi hilo, kaka. Msimamizi anayeelewa tarehe si lazima awe ndiye wa hati, na moja litasubiri lingine bure.

`git fetch upstream`
`git switch -c tahajia upstream/main`
`git checkout rekebisha-tarehe -- docs/`
`git commit -s`

Kisha rudi kwenye tawi la kodi (hapa nimeliita `rekebisha-tarehe`), `git checkout upstream/main -- docs/`, na `--amend`. Lakini kama kodi yako inabadili namna mtumiaji anavyoandika tarehe, maelezo ya badiliko hilo yakae pamoja na kodi. Kutenganisha kila kitu kibubusa nako ni usumbufu.

Siku nyingine kwa tahajia tupu hata usishushe repo. Bonyeza alama ya kalamu kwenye ukurasa wa faili, nakala yako inaundwa yenyewe. Mstari wa Signed-off-by uandike kwa mkono mwishoni mwa ujumbe. Na kama ni tafsiri ya Kiswahili, tazama kwanza kama mradi unatumia Weblate, jukwaa la kutafsiri programu mtandaoni. Faili la tafsiri (`.po`) lililoguswa pembeni huleta mgongano na yaliyoandikwa kule.

Uyole_Kodi
Ndaga sana. Sasa ni mistari 3 na DCO ni kijani. Vipimo vingine vinasema vinasubiri idhini, nimekosea wapi tena?

Kihesa_Terminal
Hujakosea. Kwa mchangiaji wa mara ya kwanza GitHub husubiri msimamizi aruhusu vipimo viendeshwe, kuzuia watu wanaotuma maombi ili wachimbe sarafu za kidijitali kwenye mashine za bure. Ukiona wiki mbili kimya, andika sentensi moja ya kukumbusha humo humo, usimfuate msimamizi kwenye barua pepe yake binafsi.