Kuchukua jiografia sekondari, ni kukariri tu au kuna cha maana?

dogo_wa_mbele:
Habari zenu wakuu, naomba ushauri maana siku ya kujaza fomu ya machaguo imekaribia na mimi bado niko njia panda. Nimebakiwa na nafasi ya somo moja, kuna jiografia na kuna historia. Nyumbani mzee anasema jiografia ni kupoteza muda, eti unakariri miji mikuu na mito halafu ukimaliza unaenda kufundisha basi. Mimi napenda ramani, napenda mambo ya volkano na matetemeko, ila sijui kama kupenda tu kunatosha. Hesabu zipo nyingi? Sio mbovu wa hesabu ila sio mkali kivile. Na nikitaka baadae kusoma mambo ya mazingira litanibeba? Aliyelisoma aniambie ukweli, sitaki kufarijiwa.

kontua_zimebanana:
Dogo, miji mikuu ni jiografia ya watoto wa shule ya msingi. Huku juu hawakuulizi mto uko wapi, wanakuuliza kwa nini umepinda pale. Chukulia mto umeshafika tambarare, kwenye kona maji ya upande wa nje yanaenda kasi yanakula ukingo, ya upande wa ndani yanapungua nguvu yanaacha mchanga, basi kona inazidi kujikunja mwaka hadi mwaka mpaka siku ya mafuriko mto unakata moja kwa moja pale shingoni na kona ya zamani inaachwa peke yake inakuwa ziwa dogo lililojikunja. Ukishaelewa hayo unakariri nini tena? Unachora michoro mitatu inayofuatana, unaandika majina ya sehemu, maksi zinaingia.

Hesabu zipo ila haziui. Skeli ya 1:50,000 maana yake sentimita 2 kwenye ramani ni kilometa 1 ardhini. Saa za dunia ni nyuzi 360 gawanya kwa saa 24, yaani kila nyuzi 15 za longitudo ni saa moja. Halafu kuna mteremko, wastani wa mvua, asilimia na grafu. Ukiweza kuzidisha na kugawanya unapona. Wanaofeli hapo wengi hawafeli kwa hesabu, mtu anapata jibu 7 anaacha hivyo hivyo, sasa 7 nini, kilometa au ng'ombe??

shangazi_dira:
Mwanangu kwa upande wa mazingira kakisome kisa cha Bahari ya Aral, ziwa la chumvi kule Asia ya Kati. Lilikuwa kati ya maziwa manne makubwa kabisa duniani. Kuanzia miaka ya 1960 serikali ya Kisovieti ikachepusha maji mengi ya mito yake miwili, Amu Darya na Syr Darya, kwenda kumwagilia mashamba ya pamba kule kwenye ukame, ziwa likaanza kurudi nyuma, chumvi ikapanda, samaki wakaisha na meli zikabaki zimekaa juu ya mchanga. Sasa mtu wa baiolojia atakueleza samaki wamekufaje na mtu wa kemia atakueleza chumvi, ila jiografia inakulazimisha uyashike yote kwa pamoja, nani aliamua, maji yalikwenda wapi, vumbi la chumvi linapeperushwa kwa nani, mvuvi anaishi vipi sasa. Mimi hapo ndipo liliponikamata.

Ila usije ukajifungia mlango, kozi nyingi za mazingira zinataka na baiolojia au kemia pembeni. Angalia vigezo vya chuo unachokitaka kabla hujasaini hiyo fomu.

siuzi_ndoto:
Mnamjaza upepo huyu. Mbona hamsemi kuna mada zinachosha? Aina za kilimo, faida na hasara za viwanda, sababu za watu kuhamia mjini, hapo ni kukariri kwelikweli na mtihani unataka pointi. Na cheti chenye jiografia peke yake hakikupi kazi, sanasana ukiibebesha kitu kingine, kompyuta kwa mfano, hapo ndo unaingia kwenye GIS, yaani kutengeneza na kuchambua ramani kwa kompyuta, na picha za setilaiti, upimaji ardhi, mipango miji. Kama mkono wake unapenda kuandika insha historia sio chaguo baya hata kidogo.

kontua_zimebanana:
@siuzi_ndoto kwenye viwanda nakubali, hata mimi nilikuwa nasinzia. Ila hilo la kazi mwambie mzee wake habari ya daktari John Snow, London 1854. Kipindupindu kinaua watu mtaa wa Soho, wengi wanaamini ni hewa chafu, yeye akaweka vifo kwenye ramani nyumba kwa nyumba, akaona vimejazana kuzunguka pampu moja ya maji ya Broad Street. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha jirani walikuwa salama, hawakuwa wanakunywa maji ya pampu ile. Huyo hakuwa mwalimu wa jiografia, alikuwa daktari aliyejua kuuliza "kwa nini hapa na sio pale".

dogo_wa_mbele:
Ahsanteni sana aisee, hiyo ya pampu namsimulia mzee leo leo 😂 Vipi kuhusu kwenda kufanya kazi nje ya darasa, nasikia mnapelekwa kupima mto?

shangazi_dira:
Ndiyo, kama shule inajali. Mnapima upana na kina, mnaachia kitu kinachoelea mnahesabu sekunde mpaka kifike alama ya pili, mnapata kasi ya maji. Viatu vitalowa. Halafu fanya hivi, usituamini sisi, omba mtihani wa nyuma wa kila somo, kaa na swali la ramani jioni moja na insha ya historia jioni nyingine, uone lipi unalimaliza bila kuangalia saa.

dogo_wa_mbele:
Nimepata la ramani. Kontua, ile mistari inayounganisha sehemu zenye urefu sawa kutoka usawa wa bahari, zinapokata mto zinafanya kama herufi V na ncha inaangalia mlimani, niko sahihi au nimeishika ramani kichwa chini?

kontua_zimebanana:
Uko sahihi, ncha ya V inaangalia mto unakotoka. Ukiona V nyingine isiyo na mto na ncha inaangalia chini kwenye namba ndogo, hilo sio bonde, ni mgongo wa mlima unaoshuka. Hapo ndo wengi wanachanganya, nenda swali la pili.