Ziara ya Lamu: kikundi cha waliosoma kwa Maalim

*Jumatatu*

Mahmud: Assalaam aleikum jamaa. Mfungo Sita huo waingia, mwezi wa maulidi. Jana baada ya Magharibi Maalim amerudia: ataka kumzuru Habib Saleh Lamu macho yake yangali yaona. Gari ya watu 14 nshaiulizia. Kila mtu 4,000, nitumieni kwa M-Pesa kabla ya Ijumaa.

Mahmud: Nani yumo?

Mahmud: Mmesoma nyote, naona tiki za buluu.

Zuhura: Waaleikum salaam. Mimi nimo na mama. Lakini Maalim atashukaje Mokowe kupanda mashua ya Lamu? Maji yakitoka, ngazi za jeti zile hata kijana hushikwa mkono.

Omari: Tumpandishe ndege

Mahmud: Ndege yatua Manda, Omari. Bado utavuka kwa mashua.

Athumani: Mie naja kwa mashindano ya punda tu 😂

Hadija: Wewe ni mpandaji au punda? 😂😂

Omari: Mwaka ule alibwagwa pale pale pwani, wakwe wamesimama watazama 😂😂😂

Mahmud: Jamani. Pesa.

*Jumanne*

Mahmud: Waliotoa: mimi, Zuhura, mamake Zuhura. Kikundi kina watu 41.

Salim: Kaka Mahmud samahani, Habib Saleh ndiye aliyemsomesha Maalim?

Mahmud: La, Habib alifariki 1935. Maalim alisoma Riyadha ya Lamu, kwa waliosoma kwa watu wake. Habib alitoka Ngazija akiwa kijana, akahamia Lamu. Enzi hizo wenye majumba ya mawe waliona elimu ni yao. Watumwa na Waoromo wakaachwa nje. Yeye akaenda kukaa Langoni, mchangani, kwenye vibanda vya makuti, akawasomesha hao hao na kuwatibu. Akaleta maulidi ya Habshi, yasomwayo kwa kupiga matwari, wakubwa wa mji wakachukia, naye hakuacha. Msikiti wa Riyadha umetokana na darsa zile. Ndiyo sababu Maalim hawezi kulitaja jina lake bila kutoa machozi.

Zuhura: Na ndiyo sababu Maalim hajamfukuza mtoto hata mmoja.

Bakari: Maalim hakufukuza. Lakini Mahmud, mwambie Salim nani alinitoa mimi chuoni.

Mahmud: Bakari ndugu yangu, hayo yalikwisha.

Bakari: Kwako. Kamati ilisema asiyelipa ada asikae mkekani. Barua nilipewa mkononi nimpelekee mama. Mama hajui kusoma, nikamsomea mimi. Aliyetia sahihi ulikuwa wala naye sahani moja.

Mahmud: _Ujumbe huu umefutwa_

Bakari: Jioni ile ile Maalim alikuja kwetu Kisauni, juzuu yangu kwapani. Kiti hatuna. Akavuta mbuzi ya kukunia nazi akaikalia, akaniuliza, "Tulifika wapi?" Kila siku baada ya Isha, mpaka nikakhitimu. Vitumbua alivyopelekewa na wazazi wenu, nusu vilikuja kwetu. Gari yenu siitaki. Nitampeleka mwenyewe.

Mahmud: Maalim ni wetu sote Bakari.

Athumani: Basi ziende gari mbili tushindanishe 😂

Hadija: Athumani, leo nyamaza.

*Jumatano*

Mama Maalim: 🎤 _Ujumbe wa sauti, 1:06_

Omari: Niko kazini, nani atuandikie?

Zuhura: Mama Maalim asema hivi: "Wanangu, Maalim amenituma. Salim amemsomea yote mliyoandika. Barua ile ya kamati aliiona. Marehemu babake Mahmud alimwita alipokuwa kitandani, akamwomba radhi. Maalim akamjibu, radhi hii si yangu, ni ya mama wa mtoto, mtume mtu kwake. Hajui kama alitumwa mtu. Asema Habib aliwakalisha bwana na mtumwa wake mkeka mmoja, basi yeye hatakwenda kumzuru na watu wasiosalimiana. Wala hatachukuliwa na mmoja, mwengine akaachwa. Asema mkishindwa, atamwombea Habib hapa hapa kitandani."

Salim: Samahanini wakubwa zangu. Aliniambia nimsomee.

Zuhura: Huna kosa mwanangu.

*Alhamisi*

Mahmud: Hakutumwa mtu. Baba alifariki siku zile zile. Mimi nilikuwa nimekaa miguuni pake, nilisikia.

Mahmud: Bakari, mama yuko nyumba ile ile?

Rashid (Muscat): Assalaam aleikum, ndiyo kwanza nafungua simu. Hizo 4,000 natuma kwa nani? Na kuna shilingi ngapi za dawa ya macho? Mwaka jana nilituma sikuambiwa zilifika.

Hadija: Zilifika Rashid. Hukujibiwa ni makosa, risiti ninazo.

Zuhura: Suala la jeti bado. Nimempigia binamu yangu Mokowe, asema maji yakijaa mashua hulingana na jeti, na wazee hubebwa na kiti chao. Tujue maji hujaa saa ngapi siku hiyo kabla hatujapanga saa ya kuondoka.

Athumani: Mimi nitabeba. Hili si mzaha. Maalim alinifundisha herufi.

Bakari: Mahmud, njoo kesho baada ya Alasiri. Ubishe kwa nguvu, mama hasikii vizuri. Ya gari sijasema kitu.

Mahmud: Nitakuja inshallah. Dereva ataka amana kesho adhuhuri. Waliotoa ni wanne pamoja na Rashid. Omari?

Omari: Mwisho wa mwezi