Tupeane uzoefu: lori limewahi kukuzimikia wapi pabaya?

Suka_wa_Tunduma: Wakuu habari za mihangaiko. Leo napita Mikese nimekuta jamaa kalaza kabini anapiga selfu, ile mota ya kuwashia injini, mpaka inatoa harufu, nikakumbuka mengi. Hebu tupeane uzoefu, lori limekuzimikia wapi na ulijinasuaje. Kugoma kuwaka, kuchemsha, umeme, leta chochote.

Tajiri_Mdogo: Mimi sio dereva ni mwenye gari, nimekaa hapa nijue mafundi wananipiga kiasi gani 😂

Nozo_Fundi: Huyo jamaa angetazama ekzosi kwanza, lile bomba la moshi. Unapiga selfu hakuna moshi kabisa, dizeli haifiki, tafuta upepo ulioingia kwenye njia ya dizeli au filta imeziba. Moshi mweupe unatoka na haiwaki, dizeli inafika ila haiungui. Na selfu usishikilie zaidi ya sekunde 30, ipumzishe dakika mbili, inaungua ile.

Utingo_Mstaafu: Mikumi usiku, ngoja niwape. Tumetoka Dar na mbolea ya Makambako, tumeiacha Doma tumeingia hifadhini gari ikaanza kukohoa, inavuta inaacha, inavuta inaacha, suka anakanyaga haipandi, ikazima katikati ya pori. Selfu inazungusha vizuri tu haiwaki, moshi hamna. Suka ananiambia shuka kapige pampu ya mkono ya dizeli, nikamwambia kaka shuka wewe mimi mama yangu ananisubiri, tukabishana humo ndani hazadi zinawaka betri inazidi kwisha. Mara nasikia matawi yanavunjika kushoto, kumulika na simu, TEMBO. Tena sio mmoja, wanavuka mbele ya gari taratibu kama wanaenda msibani, dume moja likasimama likageukia ule mwanga, nikazima simu nikajikunyata chini kwenye pedali za watu. Walipoisha suka akashuka na spana, mimi namulika mkono mmoja umeshika mlango. Akalegeza skrubu ya juu ya filta anapiga pampu linatoka povu, anapiga povu, dizeli safi haiji. Kumbe mpira unaotoka kwenye tenki una ufa pale kwenye klipu, hauvujishi nje hata tone ila unavuta upepo. Asubuhi ya siku hiyo hiyo kabla ya safari gereji walibadilisha filta wakaikaza ile klipu mpaka mpira ukachanika. Suka akakata kipande kibovu kwa kisu, akachomeka upya, akafunga na tyubu juu, akapiga pampu mpaka ikawa ngumu na povu likaisha, akakaza skrubu. Selfu moja ikawaka. Mpaka Mikumi mjini hakuna aliyeongea.

Mpiga_Debe: Hii chai tamu sana 😂😂 tembo walikuwa wangapi?

Dada_Mizigo: Sio chai, mie nimepita pale usiku nimewaona wamesimama barabarani kabisa.

Mpiga_Debe: Dume ulijuaje gizani?

Utingo_Mstaafu: Ungekuwepo ungeuliza mwenyewe.

Mzee_wa_Kitonga: Waacheni tembo wenu. Gari inachemsha Kitonga na mzigo, toa thamostati, ile vali ya kufungulia maji yaende rejeta, tupa kule, maisha yanaendelea.

Nozo_Fundi: Mzee wangu shikamoo, lakini usipotoshe watu. Injini nyingi za lori thamostati ikifunguka inaziba ile njia ya mkato ya maji inayoikwepa rejeta. Ukiitoa, maji mengi yanarudi kwenye injini bila kupita rejeta, ndo unachemsha zaidi. Itie kwenye sufuria ya maji uchemshe, isipofunguka nunua mpya.

Mzee_wa_Kitonga: Marahaba. Nimeanza kuendesha hujazaliwa.

Nozo_Fundi: Na bado unachemsha 😂

Msafiri_wa_Malaba: Wazee mimi natoka Mombasa, nikipanda Mazeras inaboil, makanika akaniuzia wota pampu, ikaboil tu. Shida ilikuwa rejeta imejaa vumbi na nyasi huko nje, tukaipiga maji kutokea upande wa injini, ikaisha hivyo.

Dada_Mizigo: Na kifuniko cha rejeta msifungue injini ikiwa ya moto jamani, utingo wetu alibabuka kifua chote.

Umeme_24: Nyie mnaounga redio ya volti 12 kwenye betri moja kati ya zile mbili zilizoungwa kupata 24 ndo mnaua betri. Moja inanyonywa, nyingine inajazwa kupita kiasi, altaneta inayozichaji inaona jumla volti 28 imeridhika. Fungeni kipunguza umeme cha 24 kwenda 12. Halafu selfu ikilia tik tik usikimbilie kuishusha, chukua waya wa kujampia, bana negativu ya betri, upande wa pili bana kwenye bloku ya injini. Ikizunguka, ubovu uko kwenye waya wa athi, ule wa negativu kwenda kwenye bodi na injini, hiyo ni hela ya waya tu.

Tajiri_Mdogo: Mwezi uliopita nimeuziwa selfu nzima 😭

Mpiga_Debe: Teminali mwagia soda, uchafu wote unatoka.

Umeme_24: Maji ya moto. Soda kunywa.

Kijana_wa_Njombe: Wakuu nipo Makambako tangu jana, taa ya betri haizimi, mwenye namba ya fundi altaneta mzuri hapa anipm.

Nozo_Fundi: Shika feni belti kwanza kabla hujatoa hela. Ikilegea tu altaneta haichaji.